Mtani Wangu na Klachi ya Bwana

Klachi haifi bila sababu. Nimeifanya kazi hii tangu siku za Mwingereza mpaka magoti yamekataa kukunjika, na bado nawasikia vijana wakisema, "Dereva kaunguza klachi," halafu basi, kesi imekwisha. Wanasema hivyo kabla hata ya kugusa pedali. Nikiwasikia nainuka naenda kukaa nje, maana nikibaki nitamtukana mtu. Maneno hayo nilipata kuyasema mimi mwenyewe siku moja pale Tabora, tena kwa kucheka, na yakamfukuza mtu kazini.

Mtu huyo alikuwa Mzaramo, dereva wa Mzungu mmoja wa serikali. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa anayejua, hapo nimeshasema mengi. Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku kwenda pwani walipita kwa Wazaramo, wakalala kwao, wakala muhogo wao, wakagombana nao, wakapatana, na mwisho wa yote ukabaki utani. Mtani wako anakutukana mbele za watu nawe hukasiriki. Anakuvua kofia, anaondoka na kuku wako, anamwita mama yako mke wake. Siku ya msiba ndiye anayekuja kuwachekesha wenye machozi. Ataingia kaburini alale humo, akatae kutoka mpaka apewe kitu. Mtu aliyezikwa bila mtani tulimhurumia.

Wangu alifika Tabora kwa treni pamoja na Bwana wake, miaka ile ambayo Malkia alikuwa ameshakaa kwenye stempu na mfalme baba yake hayupo tena. Tulijuana siku ya kwanza alipoleta gari la kazi gereji. Aliniuliza kabila, nikamwambia, akaniamuru nimbebee spea tairi kichwani mpaka pwani. Nikamvua kofia. Ilikuwa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, mkewe alikuwa ameishona miezi mitatu, naye aliitunza kuliko nafsi yake. Tangu siku hiyo hakuna mara aliyokuja nisimvue kofia ile, na hakuna mara aliyoondoka bila kuniita mpagazi. Nilikuwa na ndugu wa tumbo moja, lakini sikumbuki kama kuna aliyenifurahisha kama yule.

Sasa gari lenyewe la kisa hiki. Halikuwa la serikali, lilikuwa la Bwana mwenyewe, gari la mbio, viti viwili, paa la turubai, kijani, tumbo lake karibu liguse ardhi. Lilikuja kutoka Dar es Salaam juu ya behewa, na siku linashushwa stesheni watu walijaa kama vile anashushwa gavana. Nani analeta gari la namna ile Tabora, kwenye mchanga na mashimo, mahali ambapo mvua ikinyesha hata lori linalala njiani siku tatu? Lakini Mzungu alikuwa na hamu zake, na hamu zake zilikuwa kazi yetu. Kwenye dashibodi lilikuwa na saa mbili kubwa. Moja ilionyesha mwendo, kama magari yote. Ya pili ilionyesha jinsi injini inavyozunguka, na hiyo ndiyo iliyoniambia ukweli wote baadaye, ingawa haikunisaidia kitu.

Mtani wangu aliliosha, akaliletea petroli, na mara mojamoja akatumwa nalo stesheni kumpokea mgeni. Spana hakuruhusiwa kushika. Bwana alikuwa na sanduku lake la spana, zote zimepangwa kwenye kitambaa, na Jumapili watu wengine wakienda kanisani yeye alilala chini ya gari na kaptula yake, kitabu kimefunguliwa kando. Alikuwa mtu wa vitabu. Hata Kiswahili alikisomea akafanya mtihani wa serikali, na alikisema kisafi, kila neno limenyooka.

Asubuhi moja walikuja wote wawili, gari linakohoa harufu ya kuungua tangu mbali. Mtani wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Bwana alishuka akasimama pembeni, mikono nyuma, soksi zimevutwa mpaka chini ya magoti. Mtani alinipigia kelele hata mlango hajafunga.

"We mpagazi, tua mzigo uje utazame gari la watu. Au kubeba unajua, kutengeneza hujui?"

Nikamjibu papo hapo. Kila neno nalikumbuka, Mungu hajanipa baraka ya kusahau. "Mzaramo na gari wapi na wapi? Mguu wako umezoea kukanyaga makumbi ya nazi. Umeiunguza klachi ya Bwana kwa kwenda nayo ngomani Ipuli kila Jumamosi, sasa unaniletea mimi majivu."

Mafundi wenzangu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akaegemea boneti. Nikanyoosha mkono, nikamvua kofia, nikaivaa mimi, wakacheka tena. Hakuna aliyemtazama Bwana.

"Anakwenda Ipuli na gari langu?" Bwana aliuliza.

"Hapana, Bwana," nikasema. "Huyu ni mtani wangu. Ni maneno tu."

Nilisema hivyo huku bado nacheka, kofia ya mtu iko kichwani kwangu. Ningeivua, ningesimama wima, ningeficha meno, labda angenisikia. Kucheka kwangu kulikuwa kwa kujiachia kabisa, kwa mtu mjinga aliyedhani dunia nzima inajua utani ni nini. Bwana alitoa kidaftari mfukoni, akaandika kidogo, akakirudisha.

"Nitakuja kesho saa tatu," akasema. "Nataka kujua nani ameiharibu." Kisha akamwambia dereva wake abaki gereji asaidie, akaenda zake kwa miguu.

Alipofika mbali mtani wangu aliniomba kofia yake. Hakuidai kwa matusi kama siku zote. Akaniambia polepole kwamba Bwana alishamwonya: ikionekana ni uzembe wa dereva, kazi imekwisha, na cheti chake kitaandikwa hivyo. Siku zile dereva bila cheti kizuri hakuwa dereva. Ungeenda kwa Mzungu mwingine, kwa Mhindi, kwa wamisheni, kila mmoja angenyoosha mkono kwanza aone mwenzake ameandika nini. Alikuwa na mke na watoto wawili kwenye nyumba ya kazini, na cheti ndicho kilichokuwa paa la nyumba ile.

"Lakini sina wasiwasi," akasema. "Wewe ni mpagazi, ila mashine haiwezi kukudanganya."

Basi tukalitoa gari. Nilishika usukani mimi, yeye akakaa kando. Tulipita sokoni tukashika njia ya Isikizya, turubai limefunuliwa, wanawake wenye vikapu wakasimama kutushangaa. Gari liliondoka vizuri kwa gia ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Klachi iliyoanza kuchoka bado inaweza kubeba gia ndogo, inajificha humo. Nikatia gia ya nne nikiwa bado kwenye mwendo mdogo, kwenye mwinuko mmoja ambapo malori hukata pumzi, nikakanyaga mafuta mpaka chini.

Injini ilipiga kelele. Sindano ya saa ya mizunguko ikaruka juu, na sindano ya mwendo ikabaki palepale. Kwa magari mengine inabidi usikilize kwa sikio na kukisia. Kwenye gari lile unatazama tu: injini inakimbia, magurudumu hayana habari. Ile harufu ikaja, kama ya pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni.

"Inateleza," nikasema.

"Hata mama mkwe wangu kipofu angelijua hilo," akasema. "Kwa nini inateleza, ndilo swali."

Upepo ulikuwa mkali. Nikamvua kofia tena nikaikalia isiruke. Akanitukana mimi, akamtukana na babu yangu na mzigo aliobeba, na akaapa kwamba siku nikifa atalala kaburini mwangu mpaka wanangu wampe ng'ombe mzima. Nikamwambia yeye atatangulia, na mimi sitataka ng'ombe, nitataka mke. Tulicheka njia nzima ya kurudi. Nimekwisha kupanda magari mengi, ya wakubwa na ya watu wa kawaida. Safari ile ya kurudi mjini ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote, na ilikuwa ya mwisho kwetu.

Gereji nikafanya jaribio la pili, lile la kusimama. Handbreki juu, jiwe chini ya kila gurudumu, gia ya nne, mafuta kidogo, kisha naachia pedali taratibu. Klachi nzima ingeizima injini mara moja, maana gari limefungwa na gia imeshika. Ile iliendelea kuunguruma, ikasitasita, ikazima baada ya muda mrefu kama mtu anayeondoka kwenye mazungumzo asiyotaka kuyaacha. Sikuirudia. Kila ukirudia jaribio lile unakula kilichobaki.

Halafu nikafanya jambo ambalo mafundi wengi wa haraka hawalifanyi. Nikapiga magoti, nikaibonyeza pedali kwa mkono. Pedali ya klachi lazima iwe na nafasi, kidogo tu, inainama bure kabla haijakutana na kazi. Upana wa kidole gumba unatosha. Ile haikuwa na nafasi hata ya unyoya. Ukiigusa tu, umeshagusa klachi. Maana yake klachi ilikuwa imekandamizwa kidogo muda wote, mguu uwepo au usiwepo. Ni kama mlango ambao mtu amesimama nyuma yake akiuzuia usifunge kabisa. Haiwezi kushika vizuri, na isiposhika inasugua, na ikisugua inaungua. Hapo dereva awe malaika, itaungua.

Nikaingia chini. Fimbo inayotoka kwenye pedali ina nati mbili, ya kurekebishia na ya kufungia. Chuma chote pale chini kilikuwa kimevaa vumbi jekundu lililogandana na mafuta, ila nati zile mbili zilikuwa zinang'aa. Pembe zake zilikuwa na alama mpya za spana, na fimbo ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho. Mtu alikuwa amelala pale karibuni, akaondoa nafasi yote kwa makusudi. Wanaopenda mashindano hufanya hivyo. Wanataka klachi iitike mara tu mguu unapogusa, wasipoteze hata nusu ya pumzi wakibadili gia. Vitabu vyao vinawafundisha, sijui kama vinawafundisha wakome wapi.

Nikamwita mtani wangu, akaja akalala kando yangu, nikamwonyesha. Alizitazama nati zile. Kisha akasema Jumapili mbili zilizopita alimwona Bwana chini ya gari na sanduku lake la spana, kisha akinawa mikono kwa petroli akiwa na furaha.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umeniokoa, mpagazi we."

Tukalala pale chini ya gari la mbio la Mzungu, tumejaa grisi, tunacheka kwa sauti ndogo. Hakuthubutu kamwe kumwambia Bwana kwamba alimwona. Dereva hamwambii bosi wake neno kama hilo. Lakini fundi anaweza, kwa sababu fundi anaulizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu.

Mchana niliishusha giaboksi na kila kitu kikathibitika. Sahani ya klachi ilikuwa nyeusi, imepasuka nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Beringi inayoisukuma ilikuwa imeliwa nusu, na hailiwi hivyo kwa safari za ngomani. Inaliwa kwa kusukumwa mchana na usiku bila kupumzika. Oili haikuvuja. Springi zilikuwa nzima. Sababu ilikuwa moja tu.

Nikaenda kumwambia tajiri. Tajiri yangu alikuwa Mhindi wa Kigujarati, mtu mzima, mpole, aliyenifundisha kazi tangu sijui kutofautisha nati na boliti. Sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile fimbo mwenyewe, akavua miwani.

"Umeona vizuri, fundi," akasema. "Sasa sahau."

"Dereva atafukuzwa, tajiri."

"Magari yote ya ofisi yao yanakuja hapa. Wewe unataka kumwambia Mzungu, mbele ya mtumishi wake, kwamba ameharibu gari lake kwa mkono wake? Wiki ijayo watapeleka magari kwingine, na mimi na wewe na hawa wote tutakaa tunatazamana. Tia klachi mpya. Rekebisha nafasi. Akiuliza, sema imekwisha. Klachi huisha."

"Atauliza nani."

"Basi sema hujui."

Nilikuwa kijana mwenye hasira. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mtu mkubwa vile, nikatoka nimebamiza mlango. Nilijiona shujaa mpaka nilipofika nyumbani. Mama yangu, ambaye nilikuwa nikikaa naye, alinipa ugali na mlenda, akaniuliza nina nini, nikasema sina kitu. Nilimtazama akipepeta karanga uani, nikawahesabu wadogo zangu waliokuwa wakisoma kwa wamisheni, na ule ushujaa ukaanza kupungua. Asubuhi ulikuwa umebaki kidogo tu.

Saa tatu kamili Bwana alikuja. Klachi mpya ilikuwa imeshaingia, tulikuwa tumeanza kazi alfajiri. Mtani wangu alisimama karibu na ukuta, kofia imekaa sawa, ananitazama kwa macho ya mtu anayesubiri zawadi aliyoahidiwa. Tajiri alisimama mlangoni pa ofisi yake.

"Ilikuwa nini?" Bwana akauliza.

"Klachi ilikuwa imeungua, Bwana. Pedali haikuwa na nafasi. Nati za fimbo zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho."

"Nani alizikaza?"

Nilimtazama tajiri. Tajiri alikuwa akiangalia kalamu yake. Nikamtazama mtani wangu, naye alitikisa kichwa kidogo, kunihimiza. Nikazitazama soksi za Bwana.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nimekaa na neno lile miaka mingi na sijapata njia ya kulisema upya. Kulikuwa na njia hata za woga. Ningeweza kusema, "Mtu mwenye spana, Bwana," angeelewa mwenyewe. Ningeweza kusema dereva hana spana. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi jana yake nilijikwaa ulimi kwa kusema, na siku ile nikajikwaa kwa kunyamaza, sasa sijui wahenga wangenipa dawa gani.

Bwana alilitazama gari, akanitazama mimi, na usoni mwake nikaona kitu kikipita, nadhani alizikumbuka spana zake. Kilipita haraka. Akatoa kidaftari, akasoma alichoandika jana yake, akakifunga. "Asante, fundi," akasema, akawasha gari akaondoka peke yake. Mtani wangu alibaki pale ukutani. Hakunitukana. Akaanza kutembea kuelekea ofisini kwao, nami nikaingia chini ya lori lililokuwa likisubiri na kujifanya nina kazi nyingi.

Jioni ile alifukuzwa. Cheti kiliandikwa kwamba ni mtu mwenye adabu, lakini si mwangalifu na mashine, na hutumia gari bila ruhusa. Hilo la ruhusa lilitoka Ipuli, kwenye ngoma ambayo hakuwahi kwenda, kwenye mdomo wangu. Alinionyesha mwenyewe ile karatasi siku ya pili. Alinipa nisome, akasubiri nimalize, akaikunja.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri, baada ya maji kumwagika. Nilikwenda ofisini kwa Bwana nimevaa shati la kanisani. Nilikaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri kabla ya kuitwa. Nikamweleza kila kitu. Nilimwambia kuhusu nati, vumbi, alama za spana. Nilimwambia kwamba Ipuli ilikuwa utani, kwamba Mnyamwezi na Mzaramo huzungumza hivyo tangu enzi za misafara, na kwamba aulize mtu yeyote mjini, mkubwa au mdogo.

Alinisikiliza kwa heshima, hilo sitamnyima. Kisha akasema, "Najua utani ni nini, fundi. Nimesoma habari zake. Mtani ndiye anayeruhusiwa kusema ukweli ambao wengine wanaogopa kuusema. Sivyo?"

Ndivyo ilivyo. Mtani huweza kumwambia mchoyo kwamba ni mchoyo, mbele ya wageni wake.

"Siku ya kwanza ulisema bila kuulizwa na bila kuogopa," akasema. "Siku ya pili nilikuuliza, ukasema hujui. Leo umevaa shati safi, umekuja na hadithi ya tatu. Kama ungekuwa mimi, ungeamini ipi?"

Alijua. Naamini mpaka leo kwamba alijua ni nani aliyezikaza zile nati, kwa sababu hakuniuliza tena habari ya spana hata mara moja. Lakini nilikuwa nimempa mahali pa kujifichia, nimempa mimi kwa mikono yangu miwili, na mtu mwenye nguvu hahitaji mahali pakubwa. Akasimama, nikatoka. Nilimchukia sana Mzungu yule, na chuki ile ilinisaidia kwa muda kutojichukia mwenyewe.

Mtani wangu alizunguka na cheti kile mji mzima. Kwa Waarabu, kwa Wahindi wa pamba, mpaka Ziba alikokwenda kwa mguu na kwa lori la kuomba lifti, akisikia kuna mtu anahitaji dereva. Kila alikokwenda walinyoosha mkono kwanza. Nauli ya kumrudisha pwani na familia hakuwa nayo, na aibu ya kurudi hivyo hakuitaka. Nilimpelekea unga mara mbili. Mkewe aliupokea akanishukuru vizuri, kwa adabu kabisa, na mume hakutoka ndani.

Siku moja, wakati wa mavuno ya karanga, nilitumwa stesheni kuchukua sanduku la vipuri. Kwenye ghala la mizigo watu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na gunia kichwani, kutoka kwenye malori kwenda kwenye mabehewa. Wa nne alikuwa yeye. Ile kofia ilikuwa imekunjwa imetiwa chini ya gunia iwe kata. Shingo imekaza, jasho linamtoka, Mzaramo wa watu anapanda ubao wa behewa na gunia la karanga za Unyamwezi.

Maneno yalikuja yenyewe mdomoni. Mtani yeyote angeyasema, na yeye angeyasubiri: Leo mpagazi nani? Kama ningeyasema siku ile, kwa sauti, mbele ya wote, huenda angelitupa gunia akanifukuza kwa fimbo stesheni nzima, tukaishia kucheka. Huenda tungepona. Nilisimama na sanduku langu la vipuri, nikameza. Nilikwisha kusema utani mmoja uliomtia pale, sikuthubutu kusema wa pili. Aliniona. Alinipita, akatua gunia, akarudi kuchukua jingine.

Mama yangu alifariki msimu wa mvua uliofuata. Tulimzika kijijini kwa taratibu za Kimoravian, lakini wakati wa watani mchungaji wetu alijua kusogea kando kidogo, na watu walikuwa wakitazama njia. Kila aliyekuja aliniuliza, "Mtani wako yuko wapi?" Mama alimpenda. Mtani huyo aliwahi kuja nyumbani akaingia jikoni bila hodi, akafunua chungu, akamwambia mama kwamba amekuja kumchukua mkewe, mama akamfukuza na mwiko huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nilikuwa nimeshamtenga jogoo, nimemfunga kamba mguuni nyuma ya nyumba, wa kumtoa mtani kaburini.

Alikuja. Nilimwona kwa mbali akikata mashamba kwa miguu, suruali imekunjwa kwa sababu ya tope, na moyo wangu ulifunguka. Watu wakampisha apite mpaka kaburini. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wamejiandaa.

Akasimama mbele yangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshainuka wenyewe kwenda kwenye kofia yake, lakini aliwahi. Akaivua mwenyewe, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana kwa msiba, Bwana Fundi," akasema. "Mungu amrehemu mama."

Kisha akaenda akakaa na wageni wengine mpaka tulipomaliza kufukia.